Barua Iliyokatwa Kona

Kule Newala, barua ya msiba uliijua kabla hujaisoma. Sisi Wahindi wa mji ule tulikuwa tunakata kona moja ya bahasha kwa mkasi, na tarishi akiishika tu alishusha sauti. Barua hiyo haikuingizwa ndani ya nyumba, na haikusomwa peke yako. Ulimwita mtu, yeyote, akae nawe barazani, ndipo uifungue. Newala ni mji mdogo wa kusini, enzi zile ulikuwa na barabara moja ya maduka, ukungu asubuhi na shida ya maji mwaka mzima, lakini mtu wa kukaa naye hakukosekana.

Mtu wangu alikuwa Elias, fundi cherehani. Miaka kumi na tisa alishona kwenye baraza ya duka letu, mimi ndani na majora ya vitambaa, yeye nje, mji mzima ukipita mbele yake. Msimu wa korosho ukifika kila mtu anataka nguo mpya, na Elias anagombana nao kwa zamu: wewe umenenepa, wewe kitambaa hiki hakikutoshi, wewe umeleta jana unataka leo, kwani mimi jini? Walimpenda hivyo hivyo. Siku barua ya mama yangu ilipofika kutoka Dar es Salaam ikiwa haina kona, Elias alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akaja kukaa pembeni yangu. Hakuinuka mpaka nilipomaliza kusoma.

Sasa ni mwaka 2006, nina miaka sabini na moja, na kichekesho ni kwamba mwenye duka ndiye aliyegeuka fundi. Nina chumba kidogo kwenye safu ya maduka Downsview, hapa Toronto, Kanada. Nakunja suruali za watu wa maghala, nabadilisha zipu za makoti, na kila ninachokijua nilikiiba kwa macho kutoka kwa Elias. Juu ya mlango nimeandika NEWALA kwa herufi nyekundu. Kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza Newala ni nini. Mteja mmoja alidhani ni jina la mke wangu, na Roshan, mke wangu mwenyewe, alicheka wiki nzima. Roshan alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo sina mtu wa kumwambia, unamkumbuka yule muuza mikate mwenye kengele? Watoto ninao, wazuri, lakini mji huo kwao ni hadithi ya Papa.

Kisha mwaka jana ikaja barua kutoka Winnipeg. Mwandiko niliutambua kabla ya jina. Elias! Binti yake, nesi, alikuwa amemleta Kanada, na huyo binti ndiye aliyeliona jina la duka langu kwenye kompyuta. "Newala gani hiyo isiyo na fundi?" aliandika. Nilicheka peke yangu hadi mteja akarudi nyuma. Simu hazikumfaa, masikio yake yalikuwa yamekufa kabisa, kwa hiyo tukawa tunaandikiana. Barua tano kwa mwaka mmoja. Namba ya binti yake sikuwahi kuiuliza, na huo ni uzembe wangu.

Nilitaka jambo moja tu kabla sijafa: kukaa na Elias tena, hata saa moja, nje ya duka, tuwaseme watu wa Newala mmoja mmoja.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa kumi nikakuta bahasha kwenye sanduku la barua mlangoni. Muhuri wa Winnipeg. Mwandiko si wa Elias, ni wa mwanamke, herufi kubwa za kisomi. Na kona ya chini haipo.

Nilijiambia binti amefundishwa na baba yake, maana Elias aliujua utaratibu wetu kuliko Wahindi wenyewe. Sikuiingiza ndani. Niliirudisha kwenye sanduku, nikampigia simu Shafina, binti yangu, yuko ofisini katikati ya jiji.

"Papa, it's just a letter," alisema. "Open it."

"Haisomwi peke yako, mama."

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Sunday, okay? Nitakuja Sunday."

Sikumlaumu. Ana kazi, ana watoto wawili, na nitamwelezaje kwa simu kwamba siogopi karatasi, naogopa kuwa na karatasi ile na kiti kitupu? Jirani yangu wa duka, Sabine, mama wa Kikongo anayesuka nywele, alikuwa mlangoni kwake ananitazama. "Mzee, uko malade, mugonjwa?" Nikamwambia sijambo. Nitasema ukweli, Kiswahili chake kilikuwa kinanikwaruza masikio, nami ni mzee mwenye maringo. Miaka minne tumegawana ukuta na sikuwahi kumpa zaidi ya habari za asubuhi.

Nikafanya walichofanya watu wa Newala. Nilichukua kadibodi, nikaandika kwa kalamu nene: TUMEFUNGA KWA MSIBA. SIKU TATU. Kwa Kiswahili, maana tangazo halikuwa la wateja, lilikuwa la Elias. Jina la marehemu sikuandika. Kwetu hatukuandika jina, nani asiyejua aliyekufa? Nikalibandika kwenye kioo, nikashusha pazia, nikaenda zangu.

Siku tatu nilikaa kwenye fleti yangu ghorofa ya kumi na moja. Jioni nilikwenda jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, nikamwombea, ingawa yeye ni mtu wa kanisa. Sikuona Mungu akikasirika. Watu waliniuliza nani amefariki, nikasema fundi wangu, wakasema pole na kuangalia saa. Mchana wa Alhamisi ndio ulikuwa mbaya kupita yote. Nilitandika mkeka sebuleni kama inavyopaswa msibani, nikaketi na mgongo wangu mbovu, nikingojea nani, sijui. Nililia kwa sauti kisha nikaona aibu, halafu nikakumbuka hakuna wa kuniona.

Ijumaa asubuhi nikarudi kufungua. Sabine alitoka kabla sijatia ufunguo, amebeba kiti cha plastiki.

"Mzee, jana kulikuya papa moya, mzee sana, na valizi ya nguo. Akasoma ile karatasi yako, akaikala chini pa mulango. Nikamuletea kiti. Nilimuuliza eko nani, lakini hasikie."

"Hasikii?"

"Hasikie kitu. Nikamupatia chai. Alilia sana, Mzee. Kisha taxi ikamubeba." Akaonyesha kwa kidole. "Aliacha kitu pale."

Kwenye ufa wa mlango palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Sikuigusa. Ndani yangu kulikuwa na furaha na hofu zinasukumana mlango mmoja. Nilifungua sanduku, nikatoa bahasha ya Jumanne, nikaitazama kona yake kwa mara ya kwanza kama fundi, si kama mfiwa. Haikukatwa kwa mkasi. Imeraruka, nyuzi za karatasi zimetoka ovyo, na alama ya tairi dogo jeusi imepita juu yake. Mashine fulani huko njiani imeila. Fundi gani asiyetofautisha mkato na mraruko?

"Sabine," nikasema, "tafadhali kaa hapa nami."

Aliweka kiti, akaniweka mimi juu yake, yeye akaketi kwenye kizingiti na mikono yake yenye mafuta ya nywele. Nikafungua.

Ndani ulikuwa mwandiko wa Elias, ule ule uliolala upande.

"Bwana Noordin, salaam. Bahasha ameniandikia binti yangu maana anasema watu wa posta hawawezi kusoma mwandiko wangu. Mjukuu wangu anamaliza chuo Montreal, nami nakwenda. Ndege nitabadilisha hapo Toronto Alhamisi, nina saa sita. Nitachukua teksi mpaka dukani kwako, nifike saa nane mchana. Binti alitaka kukupigia simu nikamkataza, barua inatosha. Usinipikie. Weka viti viwili nje, hata kama kuna baridi. Nina mengi ya yule muuza mikate."

Nilisoma kwa sauti, na sauti ikaniishia kwenye mikate. Sabine alivuta ile karatasi mlangoni, akanipa. Nayo ilikuwa imechanwa kona moja, kwa mkono, polepole, imenyooka kama iliyokatwa kwa mkasi. Juu yake Elias alikuwa ameandika: Kwa watoto wa Bwana Noordin.

"Wanangu, mimi ni Elias, fundi wa baba yenu. Nimekuja kumwona nimekuta tangazo. Poleni sana. Hamnijui, lakini msiba huu ni wangu pia. Nimekaa mlangoni kwake tangu saa nane mpaka saa kumi na moja kasoro robo, maana kwetu duka la mtu likifungwa kwa msiba watu huja. Nilitaka nisimwache peke yake mpaka wafike wengine. Mama mmoja jirani amenipa kiti na chai, Mungu ambariki. Hakuna mwingine aliyekuja. Sasa teksi imefika, na ndege haiwezi kunisubiri. Nisameheni kwa kumwacha."

Nikaikunja. Magari ya maghala yalikuwa yanapita, na mteja mmoja alisimama mbele yetu na suruali zake mkononi, akaona nyuso zetu, akaenda.

"Mzee," Sabine akaniuliza taratibu, "ni nani alikufa?"

"Mimi," nikamwambia.

Hakucheka. Alisogea karibu kwenye kizingiti, akakaa vizuri, kama mtu ambaye hana haraka ya kuondoka.