Barua Yenye Ukingo Mweusi

Barua ya Keziah ilifika Leeds siku ya Alhamisi, na bahasha yake ilikuwa na ukingo mweusi. Thirza hakuifungua. Afungue ya nini? Hakuna anayetumia karatasi ya msiba kwa salamu tu, na mama yao alikuwa hajiwezi kitandani tangu majani yaanze kupukutika.

Aliitia mfukoni mwa aproni, akarudi kupiga pasi mashuka ya tajiri wake. Kazi ilipokwisha alichemsha rangi nyeusi, akatumbukiza gauni lake la pekee la kutokea. Alikoroga huku analia. Alikumbuka jikoni kwao kule milimani, Mama akigeuza mikate juu ya chuma cha moto, yeye na Keziah wakigombania ule wa kwanza. "Mwachie mdogo wako," Mama angesema, naye Keziah angeula wote huku anamkodolea macho. Dada mchoyo yule. Leo Thirza alimwonea wivu, maana ndiye aliyebaki kumshika Mama mkono.

Jumamosi, Bi. Ogden mpishi alichoka kumtazama. "Siku ya tatu leo unaatamia barua kama kuku na yai viza. Fungua basi, mwanangu, ujue anazikwa lini."

Akafungua.

"Mdogo wangu," Keziah aliandika, "usishtuke kwa karatasi hii. Ilibaki tulipofiwa na Baba, nami situpi kitu kizima. Mama yungali hai, ila nguvu zimemwisha. Kutwa anakutaja wewe. Njoo upesi."

"Usishtuke, anasema," Thirza aling'aka. "Kaandika ndani, na huo weusi kauweka nje. Dada gani huyu jamani?" Alicheka, akalia, akaona siku mbili nzima alizozipoteza, na moyo ukampasuka. Alikimbilia treni na gauni lile lile jeusi mwilini, kwani hakuwa na jingine.

Mama alifumbua macho, akamkuta amesimama mlangoni. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nani amekufa?"

Thirza alipiga magoti kando ya kitanda. Uongo ulimshinda. "Wewe, Mama. Nimekulilia tangu Alhamisi."

Mama alicheka mpaka akakohoa, Keziah akaja mbio na kikombe cha maji.

"Basi matanga yangu yameshapita," Mama alisema alipopata pumzi. "Sogea hapa, mwanangu, tuzungumze."