Gegedu la Sikio la Kinawi

"Hivi, shoga, huyu anayerudi jioni ndiye yule aliyeondoka asubuhi, au unabadilishiwa?"

Mama Bahgat aliuliza hivyo siku moja wakiwa juu ya paa, akipanga madonge ya unga juani yaumuke. Wahiba alimjibu jirani yake kuwa ni yuleyule, ila amepungua, kisha akaendelea kukunja upindo. Kila mwaka alimshonea mumewe kanzu mbili: moja ndefu ya kwendea kazini, na moja fupi kwa shubiri nzima ya kurudia, asije akajikwaa njiani.

Kinawi, mumewe, alikuwa mpakiaji katika machimbo ya mawe meupe, ng'ambo ya mto, mkabala na mji wa Minya. Kwa miaka ishirini na miwili alipokea matofali ya mawe kutoka chini na kuyapandisha kwenye malori. Daktari Maysa wa chuo kikuu alipokuja machimboni kupima migongo, alimpima Kinawi urefu asubuhi na jioni, akaandika. Alieleza kuwa baina ya pingili za mgongo kuna vitakia vya gegedu vyenye ute ndani. Mchana uzito huvikamua maji, na mtu akilala vinayafyonza tena. Kila binadamu hupungua kidogo jioni. Kinawi alikuwa amezidi. Na kitakia chake kimoja cha kiunoni kilikuwa kimepasuka.

"Gegedu halina mishipa ya damu, mzee wangu. Halijiponyi," alisema. "Lakini tunaweza kukuoteshea jingine."

Alimkata kipande kidogo cha gegedu nyuma ya sikio. Kinawi hakujua kusoma, kwa hiyo muhuri wake wa shaba, wa kugonga badala ya sahihi, ulitunzwa na mkewe, kama ilivyo desturi kwetu. Karatasi za ridhaa zilikuwa tatu. Wahiba alisoma ya kwanza yote, maana alifika darasa la sita. Ya pili aliisoma nusu. Ya tatu aliigonga tu, kwa sababu muhuri ulikuwa bado na wino mbichi na daktari alikuwa amesimama akisubiri.

Kipande kililazwa juu ya wavu mwembamba, ndani ya maji ya rangi ya waridi, katika kabati lenye joto kama la mwili. Kikaota. Siku za kazi kilisinyaa kuanzia saa mbili asubuhi, na Ijumaa kilijaa. Daktari Maysa aliyaandika hayo pia. Wahiba alikwenda kukitazama kila Jumanne, akakisomea Fatiha kupitia kioo, akarudi kumchua mumewe kiuno kwa mafuta ya ufuta.

"Kinaendeleaje?" Kinawi aliuliza, amelala kifudifudi.

"Kimefika upana wa biskuti."

"Kikiuliza habari zangu, kiambie kifanye haraka."

Baada ya miezi saba kilikomaa, lakini aliyetiwa kiunoni ni Haji Tolba, mwenye machimbo, ambaye naye mgongo ulimsumbua. Yeye ndiye aliyenunua lile kabati, na karatasi ya tatu ilisema kuwa kitakachoota humo ni mali yake. Daktari Maysa alimwonyesha Wahiba alama ya muhuri. Ilikuwa imekaa sawasawa, kila herufi inasomeka.

Haji Tolba alitembea wima siku ya tisa. Siku aliyorudi ofisini, Kinawi alinyanyua tofali lake la kwanza, na Haji akapiga ukelele kule ndani. Mnyapara akamsimamisha Kinawi, maumivu ya Haji yakakoma. Akamwambia anyanyue tena, yakarudi. Walijaribu mara nne, kisha wakanywa chai.

Haji aliamuru Kinawi asinyanyue kitu chochote. Alituma salamu kwenye machimbo mengine, kwenye mashamba ya miwa na kwenye kinu cha unga, kwamba asipewe kazi, na kote wakatii. Mlinzi mwenye simu aliwekwa mlangoni kwa Wahiba. Kinawi akigusa ndoo, Haji anampigia mlinzi.

Mkahawani wenzake walisimama kumlaki. "Karibu, mheshimiwa! Kikombe kiacheni mezani, anywe ameinama, asije akatuulia Haji!" Mwanzoni Kinawi alicheka nao. Mwezi wa tatu aliacha kwenda.

Wahiba aliuza mbuzi, kisha redio, kisha mlango wa ndani. Walikula mkate na vitunguu, kisha mkate mtupu, wa Mama Bahgat. Na kiuno cha Kinawi kiliendelea kuuma, maana kitakia kilichopasuka kilikuwa kingali mwilini mwake. Mama yake alipofariki, mlinzi alimzuia kushika jeneza. Alitembea nyuma ya watu, mikono mitupu, hadi makaburini.

Arubaini ya mama mkwe ilipopita, Wahiba alivuka mto kwenda ofisini.

"Haji, mpe hata ulinzi. Kazi ya kukaa tu."

"Ulinzi una mtu tayari. Anamlinda mumeo."

"Basi mlipe alale. Si akilala yeye, wewe unapata nafuu?"

"Nimlipe mtu kwa kulala, dada yangu? Kesho watalala wote." Haji Tolba alikuwa amekaa wima sana kitini. "Tena vizuri umekuja. Mwambie awe anaswali amekaa. Akirukuu ananivuta."

Dirishani vumbi jeupe lilikuwa likipita.

"Na sisi tule nini, Haji?"

Haji alimtazama mabega, halafu mikono. "Nafasi yake kwenye lori haijapata mtu. Wewe mgongo wako haunihusu."

Nje mnyapara alikuwa akiwapanga wapakiaji wa zamu ya adhuhuri. Wahiba alikunja mikono ya gauni, akapiga bismillahi moyoni, akatoka. Lango la kurudi nyumbani lilikuwa kushoto. Yeye akashika njia ya kulia, kwenye mawe.