Kicheko cha Verbena

Jumapili moja ya Agosti, mwaka 1948, Verbena Pruitt alikuwa mezani na mdogo wake Harriet, aliyeolewa Filadelfia na ambaye kila kiangazi alirudi Georgia, kusini mwa Marekani, kula kuku wa kukaanga na kuwasuta watu wa kwao.

"Mpaka leo Luetta anakula jikoni?" Harriet aliuliza, mdomo umejaa. "Dada, huoni haya? Kwetu huko mambo haya yalishakwisha."

"Ninyi watu wa kaskazini mnawapenda weusi wakiwa mbali," Verbena alimjibu. "Mimi na Luetta tumekua pamoja. Ni ndugu yangu yule. Muulize mwenyewe."

Luetta, mpishi mweusi wa nyumba hiyo, alikuwa anaingia na bakuli la bamia. Alianza kupika katika nyumba ile akiwa na miaka kumi na mitatu. Ndiye aliyemlea mtoto wa Verbena, na ndiye aliyemuuguza mumewe mpaka akakata roho. Aliweka bakuli mezani, lakini hakurudi jikoni.

"Nimefurahi kusikia hayo, Bi Harriet," alisema. "Almeda wangu kamaliza masomo ya uuguzi, kapata kazi hukohuko Filadelfia. Hana pa kufikia. Mpokee wiki mbili tu, mpaka apate chumba."

Harriet akashusha uma. "Ningependa sana, Luetta. Haki ya Mungu. Lakini mtaa wetu... majirani si watu wa kuelewa. Atajisikia vibaya mwenyewe, maskini."

Verbena akaangua kicheko. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, huku akipiga meza. "Umewasikia, Luetta? Umewasikia hao watakatifu?"

Luetta hakucheka. "Nimesikia. Basi wewe, Bi Verbena. Mkuu wa hospitali ya hapa mjini ni shemeji yako. Hawajawahi kuajiri muuguzi mweusi, lakini wewe atakusikiliza. Mwandikie mistari miwili tu, mwanangu abaki nyumbani."

Verbena alikunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Luetta, si unajua mambo ya hapa yalivyo?"

"Nayajua," Luetta alisema. Akaenda kuleta pai ya pichi, akawakatia kila mmoja kipande chake.

Almeda aliondoka Septemba. Oktoba mama yake naye akapanda treni kumfuata. Siku ya kuaga, Verbena alimpa koti lake la sufu na kumkumbatia barazani. Luetta alisimama wima, mikono imening'inia, akingoja aachiwe.

Verbena alimwandikia barua nne. Krismasi akapata kadi moja ya kushukuru kwa koti, imetiwa sahihi: Bi Luetta Grier. Miaka thelathini na sita ya kuwa naye, na hata siku moja Verbena hakuwahi kumwita Bi.

Majira ya baridi yaliyofuata ndipo alipopata moyo wa kumwambia ukweli. Safari hii hakumweleza habari za bustani wala za kanisa, kama katika zile barua nne. Aliandika, "Bi Grier, sikucheka kwa kukutetea siku ile. Nilifurahi kwamba Harriet ni mbaya kama mimi. Ile barua ya hospitali ningeweza kuiandika. Niliogopa kuulizwa maswali na jamaa zangu kwenye chakula cha jioni."

Barua ilirudi baada ya wiki tatu, na muhuri wa posta juu yake: amehama.

Akamwandikia Harriet kumuuliza kama anajua walikohamia. Harriet akajibu kwamba Filadelfia ni mji mkubwa, na watu wale wanakaa upande wao wa mji.