Jiwe Lililokuwa Spendi

Mzee Odell Tveit alifariki katika mvua za Februari, na watoto wake wawili walikuwa hawajakaa meza moja kwa miaka. Gaylen alibaki na mkewe Myrtle Point, kule Oregon, akifuga ng'ombe wa maziwa kama baba yake. Dada yake, Marlys, aliondoka angali msichana, akaenda kupima damu za wagonjwa katika hospitali moja ya Filadelfia, na nyumbani akawa anarudi Krismasi tu, kisha hata hiyo akaiacha. Mzee alipougua, Gaylen ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani. Marlys alifika siku ya mazishi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko lawama.

Hakurudi Filadelfia upesi. Aliomba likizo, akalala katika chumba chake cha zamani, akafua mashati ya marehemu. Nyasi zilipoanza kuchipua akamwambia kaka yake kwamba wakati wa kuchagua jiwe la kaburi umefika. Wakapanda pikapu hadi Coquille kwa Bi Renata, mjane aliyerithi kazi ya kuchonga mawe.

Marlys hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe refu jeusi, limesuguliwa likang'aa kama kioo, limechorwa milima na kulungu mwenye mapembe makubwa.

Gaylen alivua kofia, akalitazama mbele na nyuma, akajikuna shingo.

"Zuri," akasema. "Spendi kidogo, lakini."

Spendi ni neno la watu wa huko. Maana yake ghali, ila ni ghali ya upole: halimtukani muuzaji wala halimvui nguo mnunuzi. Mtu wa Myrtle Point hasemi hana pesa, wala hasemi unataka kumwibia. Husema spendi, akatabasamu, akakirudisha kitu mahali pake. Mzee Odell alilitumia hata kwa mambo yasiyouzwa. Mahubiri yakirefuka, yalikuwa spendi. Mkewe, enzi za uhai wake, aliponuna kutwa nzima kwa sababu ya viatu vyenye tope, mzee alimnong'oneza Gaylen kwamba kukanyaga zulia la mama siku hizi kumekuwa spendi.

Marlys alilinyonya neno hilo pamoja na maziwa ya mama yake. Lakini mwaka wake wa kwanza Filadelfia lilimtoka dukani, na msichana aliyekuwa akiishi naye akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuwahadithia wenzao kazini. Tangu hapo alilimeza. Sasa alipolisikia mbele ya jiwe la baba yake, aliona kama amepigwa kofi.

"Nitalipa mimi," akasema. "Lote. Wewe hutoi hata senti."

"Sizungumzii mfuko wako, dada."

"Unazungumzia nini, basi? Kwamba baba hastahili?"

Bi Renata akakumbuka kwamba amesahau simu ofisini, akaondoka.

Gaylen hakupandisha sauti. Alisema wenzake mzee kule makaburini wana mawe yanayoishia gotini, na akiwekewa mlima huu kichwani atawaonea haya hata kuwasalimu.

Marlys alitaka kujibu. Ila katika ule weusi wa jiwe aliiona sura yake, na nyuma yake kaka yake, kofia mkononi, mabega yameshuka. Amezeeka, na yeye hakuwa amemtazama vizuri tangu aje.

"Ungeniita mapema, Gaylen. Ningekuja."

"Alinikataza. Kila nikitaka kukupigia, anasema nauli ya ndege ni spendi, nikuache ufanye kazi yako." Akaigeuza kofia mikononi. "Halafu jioni moja akaniuliza kama kuna ndege inayofika Jumanne. Ndiyo nikakupigia. Jumanne yenyewe hakuifikia."

Marlys alilia hapo hapo, ameegemea jiwe alilotaka kulinunua. Gaylen alisimama karibu naye, hakumgusa, hakuondoka.

Bi Renata aliporudi na kahawa, waliyapitia mawe mengine bila haraka. Aliwaonyesha moja jekundu lenye mahali pa kuweka maua. Marlys akauliza bei, akatajiwa.

"Lo, spendi hilo," akasema, na neno likapita kinywani mwake bila kukwaruza.

Gaylen aliinamia kikombe chake. Walichukua jiwe la kijivu, fupi, lisilo na picha.

Wakirudi walinunua kuku wa kukaanga, wakala ndani ya pikapu huku mvua ikigonga kioo. Marlys akauliza ng'ombe wanakamuliwa saa ngapi siku hizi. Gaylen akamwambia kabla ya alfajiri, kama zamani.

"Niamshe."

Alimwamsha. Akampa mabuti ya mpira ya mkewe, makubwa kwake, akawa anayaburuta kwenye tope. Ng'ombe wa kwanza alimnusa, akasogea pembeni. Wa pili akatulia.