Gari la Harusi la Bwana Ormerod

Idwal alirudi kutoka safari ya majaribio akiwa na jino kiganjani na mbavu mbili zimevunjika. Ilikuwa safari fupi tu, kutoka karakana hadi kanisani na kurudi. Fundi mwenzake, Eluned, ndiye aliyeshika usukani; Idwal alikaa nyuma na kipimo cha betri mapajani.

"Nani kakupiga, mzee?" Eluned aliuliza.

"Gari."

"Ngumi?"

"Ngumi kwanza. Halafu kitako cha bunduki." Idwal akatema damu kwenye kopo la grisi. "Lakini betri ziko sawa. Andika hivyo."

Eluned akaandika.

Lilikuwa gari la kijeshi la mwaka 1952, lililofanya kazi Kenya wakati wa Mau Mau, kisha likaletwa Wales kwa meli pamoja na afisa aliyelitumia. Afisa alishakufa. Mwanawe, Piers Ormerod, alitaka limpeleke binti yake kanisani bila moshi. Kwa wiki mbili Eluned na Idwal waling'oa injini ya petroli, tangi na bomba la moshi, wakafunga mota ya umeme. Kazi ilitoka safi. Likiwashwa halikutoa hata mguno, na kwa sababu hiyo vilivyokuwa ndani yake vikaanza kusikika: makofi, maswali ya Kiingereza, na mwanamume aliyejibu kwa lugha ambayo hakuna mtu pale karakana aliyeijua.

Hospitalini, Idwal alimtamkia muuguzi neno moja alilokuwa amelishika. Muuguzi huyo aliitwa Nyaguthii, mzaliwa wa Nyeri.

"Hayo ni maji, kwa Kikuyu," alisema, akichomoa sindano. "Nani anaomba maji?"

"Jamaa mmoja kwenye gari."

"Natoka kazini saa kumi. Nitapita."

Alipofika alivua hereni zake, akaingia nyuma. Eluned akaendesha polepole kuzunguka kilima. Nyaguthii alitafsiri huku akipigwa, kwa sauti ileile ya kusoma kadi za wagonjwa.

"Anaitwa Gathigira wa Maina. Wanamuuliza nani alimlisha kiapo. Anasema hajui. Sasa wanamvunja kidole." Akashika kidole chake mwenyewe. "Na cha pili."

Waliporudi karakana alijifunga mwenyewe vidole viwili kwa kijiti na utepe wa fundi, kisha akapiga simu nyumbani Nyeri kuulizia jamaa za Gathigira.

Siku tatu zikapita kabla dada yake Gathigira hajapatikana. Aliitwa Nyawira, miaka themanini na minane, na masikio yake yalikuwa mazima. Nyaguthii akaingia tena nyuma, akaishika simu juu kwa mkono mzima. Alimwita Nyawira cucu, yaani bibi.

Gari halikurudia yaliyopita. Kila safari iliendelea pale ya awali ilipokomea.

"Ni yeye," alisema Nyawira. "Msikate simu."

"Wamemfunga mikono, cucu. Wanamtoa kituoni. Anahesabu madaraja kwa sauti."

"Ananihesabia mimi. Alijua nitamtafuta."

"Moja," alisema Nyaguthii, na midomo yake ikapasuka. "Mawili. Wanakata kulia."

Hapo Bwana Ormerod akasimama katikati ya barabara, mkono juu, na Eluned akafunga breki. Harusi ilikuwa kesho yake.

"Tuachie safari moja tu," Eluned alimwambia. "Anataja njia anayopelekwa. Dada yake yuko kwenye simu. Hawajawahi kumzika."

Ormerod aliinamisha kichwa dirishani, akasikiliza.

"Huyo anayeuliza ni baba," alisema. "Nyumbani alikuwa mpole mno. Alifuga nyuki."

"Mwache basi amalize."

"Binti yangu hawezi kwenda kanisani na makelele haya."

Akawashusha, akaketi kwenye usukani. Eluned akasimama mbele ya bampa, mikono imekunjwa. Ormerod alimwomba radhi, kisha akamgonga. Kwa kuwa gari halikuwa na mlio, kilichosikika ni goti.

Jioni ileile fundi mwingine alifunga spika chini ya boneti, yenye kuiga mlio wa injini ya petroli. Kazi ya saa moja.

Siku ya pili Eluned, kwenye magongo, na Nyaguthii walisubiri langoni mwa kanisa, simu imewashwa, Nyawira akisikiliza. Gari likaja likinguruma. Nyuma, bibi harusi alikaa mikono imebanana mapajani kana kwamba imefungwa kamba, mdomo umepasuka, akimtabasamia mpiga picha. Ngurumo ilijaa uwanja wote hadi Ormerod alipozima.

Bibi harusi aliposhuka, Nyaguthii aliingia akaketi mahali pake. Hakuna kilichomgusa. Akamwomba Eluned aliwashe gari na kuizima spika. Eluned akafanya hivyo. Kulikuwa kimya kabisa, kama nyumba iliyohamwa.

"Amefika wapi?" Nyawira aliuliza.

"Ameshafika, cucu. Sikusikia wapi. Ilikuwa injini tu."

"Hata mimi niliisikia. Ndiyo hiyohiyo niliyoisikia siku ile walipomchukua, nikichuma kahawa." Akapumua. "Kuna harusi hapo?"

"Ndiyo."

"Bibi harusi amependeza?"

Nyaguthii alitazama nje. Mama mtu alikuwa akimfuta binti yake damu kidevuni, kwa ajili ya picha.

"Amependeza," alisema.