Gauni Lisilo na Kichwa

"Thubutu! Uso wa yule mtu hauji kwenye ukuta wangu. Labda mimi niwe nimeshazikwa, na hata huko nitafufuka nije kuufuta!"

Huyo alikuwa Mkasi, fundi wetu wa kushona, amesimama katikati ya barabara na futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Juu ya ngazi, brashi moja mdomoni na nyingine mkononi, alikuwa jirani yake wa mlango kwa mlango, mchora mabango, ambaye mtaa mzima tunamwita Brashi.

"Dada, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Au unafikiri nimewanong'onezea? Jamani, njooni!"

Basi tukaja. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumeshafika. Mimi nilitoka saluni na kitana mkononi, na mteja wangu akanifuata mbiombio, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imepigwa shoti. Muuza nyama naye alikuja na aproni yake. Ugomvi wa watu wanaokula sahani moja hausikilizwi kwa mbali.

Maana hawa wawili walikuwa wanakula sahani moja kweli. Mke wa Brashi alikuwa kwao, amekwenda kujifungua, na tangu aondoke Mkasi ndiye anayemlisha Brashi. Kila mchana utasikia, "Brashi, shuka, chakula kinapoa!" Leo alikuwa anaambiwa ashuke kwa sababu nyingine kabisa.

Ugomvi ulianzia kwenye televisheni yangu. Asubuhi ile mgombea wetu wa urais alikuwa anamtangaza mgombea mwenza, na saluni ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo. Hatukuwa na wasiwasi. Tulijua ni Daktari. Nani mwingine? Daktari ndiye aliyetuhudumia mwaka ule tulipobomolewa, tukalala kwenye maturubai, watoto wakikohoa usiku kucha. Alikuja na mkoba wake, akavua viatu, akaingia kwenye tope. Siku za kampeni Mkasi alimshonea gauni la kijani lenye kola nyeupe, akakataa malipo, na Daktari akalivaa mkutanoni watu wote wakaliona.

Mgombea akakohoa, akatabasamu, akamtaja mtu mwingine.

Akamtaja Bwana Eksi.

Hilo si jina lake, ni jina tulilompa sisi. Wakati ule alikuwa waziri, upande wa pili, na watu wake walipita na rangi nyekundu wakichora alama ya X kwenye kila nyumba iliyotakiwa kuvunjwa. Sasa amegombana na wenzake, amehamia kwetu na mabegi yake, na kumbe alikuwa ameahidiwa kiti cha mbele. "Ya nyuma tumeyasahau," mgombea akasema kwenye televisheni.

"Wewe na nani?" mteja wangu akamjibu, kama vile anamsikia.

Muuza nyama akasema tusiwe na hasira za kitoto, siasa ni hesabu, huyu bwana anakuja na kura za kwao, nyingi. Mwanamke mmoja akamwambia akahesabu maini yake huko buchani. Mwingine akanyanyuka, akatoka bila kuaga. Mimi nilijikuta nimevuta msuko mpaka mteja akapiga kelele.

Mkasi alikuwa ameshaipa televisheni mgongo. Alikuwa anatazama nje, upande wa karakana yake.

Sasa nikueleze habari ya ule ukuta. Mkasi anaishi upande huu wa barabara, chumba na sebule, na karakana yake ya kushonea iko ng'ambo, uso kwa uso na mlango wa nyumba. Ukuta wa karakana ni mrefu na mweupe, kila anayepita barabarani anauona, na chama kiliuomba. Mkasi akautoa kwa moyo mmoja. Brashi akamchora mgombea, mzima, mpaka kishikizo cha mwisho cha koti. Kisha, kwa vile alikuwa na uhakika kama sisi sote, akaanza na mgombea mwenza kabla hajatangazwa. Mkasi mwenyewe alimpa kipande cha kitambaa kilichobaki ili rangi isipotee. Akachora mabega, kola, mikono, gauni la kijani mpaka chini. Kichwa akakiacha. "Nangoja watangaze," akasema, "nisije nikaonekana nina haraka."

Kwa hiyo pale ukutani palikuwa na mgombea anayecheka, na kando yake gauni lisilo na kichwa. Na sasa Brashi alitakiwa kuligeuza suti ya mwanamume.

"Ukuta uliutoa kwa ridhaa yako, mama," akasema Katibu wa tawi, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi na vijana wake wanne wenye kofia za chama. Huyu ni mtu wa kuongea polepole, na akiongea polepole ujue ameshakasirika.

"Niliutoa kwa Daktari."

"Uliutoa kwa chama."

"Chama kilikuwa wapi nilipokuwa nalala kwenye turubai?" Mkasi akamsogelea. "Sikiliza, Katibu. Mama yangu anakaa pale mlangoni kuanzia chai mpaka jua linazama. Mwone yule. Hana pengine pa kutazama isipokuwa ukuta huu. Siku ile walitwambia toeni vyombo, na dereva ameshawasha mashine. Mama akatoa ndoo. Akatoa jiko. Akatoa godoro. Aliporudi kuchukua kabati la marehemu baba, nyumba haipo. Tangu siku hiyo mnamsikia anaongea? Sasa nimwekee uso wa yule mtu mbele yake, ukubwa wa mlango, amtazame kila siku ya Mungu?"

Sote tukageuka. Bibi alikuwa kizingitini, miguu ameinyoosha, anafumua nyuzi kwenye suruali kuukuu kama kawaida yake. Hakuinua kichwa.

Katibu alimtazama kidogo, akatazama saa yake. "Msafara unapita hapa leo hii. Wote wawili wamo. Brashi, nikiliona hilo gauni wakati wanapita, kuta zote zilizobaki atachora mwingine. Na si za mwaka huu tu."

Brashi aliitoa ile brashi ya mdomoni. Mtoto wa kwanza huyo anayekuja, ndugu yangu, na ngazi yenyewe ya kuazima.

"Dada Mkasi," akasema, "nifanyeje? Niambie wewe, nifanyeje?"

"Ushuke."

Hakushuka. Mkasi akaishika ngazi, na vijana wawili wakaja kusimama kati yake na ukuta, hawakumgusa ila hawakumpa njia. Akageuka kwenda karakana, nami nikajua anafuata ule mkasi mkubwa wa kukatia suti, nikamkumbatia kwa nyuma. 

"Niache, msusi."

"Sikuachi. Wakikupeleka kituoni, mama atabaki na nani?"

Hapo akalegea. Akavuta pumzi, akamnyooshea Brashi kidole.

"Chora. Chora, tukuone. Ila sahani yangu usiiguse tena maisha yako yote."

Brashi akachora. Alipaka koti jeusi juu ya gauni, lakini rangi ya chini ilikuwa haijashika vizuri, na kijani kikawa kinapenya, koti likatoka kama limeota ukungu. Katibu akawa anamhimiza, uso, uso, koti watu hawalitazami. Kwa mbali, upande wa stendi, vipaza sauti vilianza kusikika.

Kila mchoraji ana mtindo wake, na Brashi huanza uso kwa macho. Hachori kwanza duara la kichwa, hachori pua, ni macho tu, yanaelea peke yake hewani. Aliwahi kunieleza sababu: mteja akishayaona macho yamemkazia, hawezi tena kumwambia futa. Na yule kijana, mwone hivyo hivyo na suruali yake ya madoa, ni fundi. Ndiyo ilikuwa balaa. Lilipotokea jicho la kwanza, lenye kope nzito iliyolala upande mmoja, mteja wangu akanishika mkono. Lilipotokea la pili, barabara nzima ikarudi hatua nyuma. Alikuwa yeye. Hana mdomo, hana sikio, lakini alikuwa yeye, anatutazama kama alivyotutazama kwenye televisheni siku ile aliposema zoezi la kubomoa limekwenda vizuri.

Tukasikia kitu kinagonga sakafu nyuma yetu.

Bibi alikuwa amesimama. Suruali ilikuwa chini, na mkasi mdogo wa kufumulia umedondoka. Alitazama ng'ambo ya barabara kwa muda, akageuka, akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kulala, na moyoni nikasema afadhali.

Akatoka na ndoo. Akaiweka nje, kando ya barabara. Akarudi ndani.

Akatoka na jiko.

"Mama?" Mkasi akaita.

Bibi akarudi ndani. Safari ya tatu alikuwa anavuta godoro, limekwama mlangoni, naye analivuta kwa mikono miwili, kilemba kimemwangukia shingoni. Mkasi akavuka barabara mbio, mimi nyuma yake.

"Mama, unafanya nini? Mama, acha!"

"Safari ile nilichelewa," Bibi akasema. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu asiyeitumia mara kwa mara. "Leo sichelewi. Shika huko."

Hakuna aliyecheka. Muuza nyama, mwenye hesabu zake, alivua kofia na kuanza kuikunja. Vijana wa chama wakatazamana. Mmoja wao, nyumbani kwao palichorwa X vilevile, namjua, nimemsuka mama yake.

Brashi alikuwa ameganda juu ya ngazi, shingo ameigeuza. Akaiona ndoo. Akaliona jiko. Akamwona Mkasi ameshika ncha moja ya godoro na mama yake ameshika nyingine, mmoja anavuta nje, mmoja anasukuma ndani.

Akageukia ukuta. Akachovya ile brashi pana kwenye ndoo ya rangi nyeupe, akaipitisha juu ya macho, kushoto kwenda kulia, kisha kulia kwenda kushoto.

"Wewe!" Katibu alisahau kabisa kuongea polepole. "Unafuta nini?"

"Nimekosea."

"Umekosea nini? Macho ni yake kabisa!"

"Ndiyo kosa lenyewe."

"Rudisha! Nakwambia rudisha, wanakuja!"

Walikuwa wanakuja kweli. Pikipiki za mbele zilishakata kona, zinapiga honi, na wimbo wa chama unapasua masikio. Katibu akawaamuru vijana wakinge ukuta kwa miili yao. Wawili wakaenda. Yule ninayemjua akabaki alipo, na mwenzake akabaki naye. Brashi akashuka, akaikumbatia ngazi, akasimama pembeni.

Gari la mgombea lilikuwa wazi juu. Wamesimama wawili, bega kwa bega, wanapunga. Kwa kawaida mtaa huu ukipitiwa na msafara huwezi kusikilizana, watu wanaruka, wanapiga sufuria. Siku ile tulisimama tu. Mgombea akaona ukuta, akajiona anacheka, na kando yake nusu suti, nusu gauni la kijani, na juu, pa kichwa, doa jeupe linachuruzika. Akaendelea kupunga. Kazi yake hiyo.

Bwana Eksi alianza kwa ukuta, kisha akafuata macho yetu upande wa pili. Akaona ndoo, jiko, na mwanamke mzee amekaa juu ya godoro kando ya barabara, anamtazama. Mkono ulikuwa juu. Ukashuka taratibu, akaushika ukingo wa gari. Sijui aliwaza nini, na sitaki kukudanganya kuwa alijuta. Gari likapita. Vumbi likatua kwenye vyombo.

Katibu alirudi akiwa na simu sikioni. Alimpita Brashi bila kusimama. "Kesho usionekane ofisini. Wala kesho kutwa."

"Sawa, Mheshimiwa."

"Na hiyo rangi ni ya chama."

Brashi akampa ndoo. Vijana wawili wakambebea, wawili wakajifanya wanafunga kamba za viatu mpaka Katibu akatokomea.

Muuza nyama ndiye wa kwanza kusogea. Alikwenda kwa Bibi, akapiga goti na aproni yake yenye damu, akamwomba godoro kwa adabu zote, kama anaomba mkono wa binti. Bibi akatazama ng'ambo. Palikuwa peupe. Akatazama tena, kuhakikisha, kisha akanyanyuka na kujipangusa vumbi. Muuza nyama akalibeba godoro kichwani, mteja wangu akabeba jiko, na msuko wake wa nusu vilevile, mimi nikachukua ndoo, tukaingia kwa foleni kama watu wanaohamia.

Humo ndani Mkasi alikuwa anafunua sufuria. Hakuna aliyesema neno la siasa. Sebule ikajaa, mwingine akakaa kwenye cherehani ya akiba, akafukuzwa.

Kupitia mlangoni nilimwona Brashi. Amekaa kwenye ngazi za mlango wake, mlango umefungwa, anasafisha brashi kwa kitambaa. Anaisafisha moja, anaiweka, anaichukua ileile tena. Hakuangalia upande wetu hata kidogo, na harufu ya mchuzi ilikuwa inamfikia, lazima.

"Yule wa kwenye ngazi," Bibi akauliza, "amekula?"

 Mkasi akashika mwiko. Akatazama sufuria, akatazama mama yake, ambaye tayari alikuwa anajisogeza kuacha nafasi ya mtu mmoja mkekani.

Akatoka hadi mlangoni.

"Wewe. Asubuhi nilikwambia nini?"

Brashi akainua kichwa. "Sahani yako nisiiguse, dada."

"Na mikono hiyo ya rangi, usithubutu kweli. Maji hayo kwenye ndoo ya mama. Nawa, uingie ule."