Safu ya Katikati

Mimi si mtu wa kunyamaza, na sitaki mtu aniombee nibadilike. Ile Alhamisi Muthama aliponionyesha barua nyuma ya vyumba vya tumbili, nilisoma mistari minne tu nikahisi masikio yanawaka.

"Ati nini? Ati wewe ndiye uliyewaambukiza tumbili?"

"Ndivyo wameandika, Mama Shiko."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Niwaambie nini? Nimeitwa kesho saa nne, ofisi kuu, Kilimani. Nikitoka huko sina kazi."

Alisema hayo akiangalia viatu vyake. Muthama ni mtu wa kuomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Nilimpenda kama ndugu, lakini siku hiyo nilitamani nimtingishe.

Wacha nieleze vizuri. Kituo chetu kiko nje kidogo ya Waithaka, na tumbili wanaofugwa humo ni wa kujaribiwa dawa na chanjo. Mimi na Muthama tulikuwa watunzaji. Kazi yetu ni kulisha, kuosha vizimba na kuwashika wanyama daktari anapowadunga. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja kazini, yeye tisa. Agosti ya mwaka 2004 lililetwa kundi jipya la tumbili ishirini. Oktoba wakapimwa kifua kikuu, maana tumbili hupimwa kila baada ya miezi mitatu. Huchomwa kasindano kadogo kwenye kope, na kope likivimba, basi, ni mgonjwa. Wanne wakavimba. Wakauawa, chumba kikapigwa dawa, na utafiti wa wakubwa ukaharibika. Sisi tuliokiosha chumba hicho kila asubuhi kwa mpira wa maji, uchafu ukiturukia mpaka mdomoni, hakuna aliyetuambia tukapimwe. Tuliletewa sabuni mpya.

Baada ya hapo Muthama akaanza kukonda. Na unajua Nairobi ya miaka ile, mwanaume akikonda watu wanajua jibu kabla ya daktari. Kwenye kantini walianza kusogeza vikombe vyao. Mwezi wa tatu akaenda kliniki ya serikali, akapatikana na kifua kikuu, akaanza dawa. Kwa uaminifu wake akapeleka karatasi ofisini. Karatasi hiyohiyo wakaigeuza: kumbe alikuwa mgonjwa tangu zamani, akaficha, akawamaliza tumbili wa watu.

Mimi nami nilikuwa nimepungua, lakini mwanamke akipungua ni sherehe. Annah, fundi wetu wa nguo pale kanisani, alikuwa amenipunguzia sketi mara mbili na bado anataka nimpe siri. Nikamwambia siri ni kuacha chapati. Chapati sikuwa nimeacha, lakini mtu akikusifu utafanyaje?

Basi mchana huo Muthama akarudi nyumbani na barua yake, mimi nikabaki na kazi ya kupima uzito. Mizani ya wanyama iliharibika mwaka 2002. Tukaomba nyingine, tukaambiwa ombi linashughulikiwa, na mpaka siku hiyo lilikuwa bado linashughulikiwa. Kwa hivyo tulitumia mizani ya kusimama, ile ya watu. Tumbili akishalazwa na dawa ya usingizi unambeba begani, unapanda naye, unaandika. Unamlaza kando, unapanda peke yako, unaandika. Halafu unatoa ya pili kwenye ya kwanza, unapata ya mnyama. Daftari lilikuwa na safu tatu: wote wawili, mtu, mnyama. Mwisho wa mstari unaweka herufi yako, M au N, wa Muthama au wa Nyakio, yaani mimi.

Nikapanda na wa kwanza. Wote wawili themanini, mimi sabini na tano, tumbili tano. Nikaona sabini na tano yangu nikatabasamu kidogo, kisha nikafungua nyuma kuangalia tumbili huyo alikuwa na kilo ngapi mwezi uliopita. Hapo macho yakanasa kwenye mstari wenye herufi M. Safu ya katikati, kilo sitini na mbili.

Nikafungua nyuma zaidi. Sitini na tano. Sitini na tisa. Nikakaa chini kwenye ndoo. Kila Alhamisi kwa miaka mitatu Muthama alikuwa amepimwa na kuandikwa, na hakuna aliyejua, hata yeye. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni. Nikapiga mstari chini ya kila M, nikalifunga daftari, nikalitia kwenye kiondo changu pamoja na sukuma wiki. Kama huo ni wizi, wanishtaki.

Kesho yake tukawa Kilimani, ghorofa ya tatu, kwenye meza unayoweza kujiona uso. Bwana Kibe, mkuu wa utawala, alikuwa na suti na haraka. Kando yake alikaa Daktari Peres, daktari mkuu wa wanyama, mwanamke wa maneno machache ambaye hajawahi kunikosea heshima.

"Bi. Nyakio, wewe hukuitwa," Kibe akasema.

"Najua. Nimekuja tu."

Nikaweka daftari mezani. Lilinuka mkojo wa tumbili vilivyo, na Kibe akavuta kikombe chake cha chai.

"Mnasema Muthama alikuwa mgonjwa kabla ya tumbili," nikasema. "Haya. Agosti, juma walipoletwa: kilo sabini na mbili. Septemba, sabini na mbili. Oktoba, juma mlipowaua wale wanne: sabini na mbili, hata robo haijashuka. Desemba sitini na tisa. Februari sitini na tano. Machi sitini na mbili. Sasa nionyesheni huo ugonjwa wa zamani uko wapi. Tumbili waliugua yeye akiwa mzima kama ng'ombe!"

Daktari Peres alivuta daftari karibu. "Hii safu mimi sijawahi kuiangalia."

"Najua, daktari. Nyinyi huwa mnaangalia ile ya mwisho."

Kibe hakutikisika. "Kupungua si ushahidi. Mtu anaweza kuambukizwa popote. Nyumbani kwake, sokoni, kanisani. Mtu mmoja hatuwezi kumtumia kusema kituo ndicho kilichomwambukiza."

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu, na jibu lenyewe halikuwa la ofisini, lakini Daktari Peres aliinua mkono. Bado alikuwa akifungua kurasa, kidole kikishuka taratibu kwenye mistari ambayo mimi sikuipigia wino mwekundu.

"Hii N ni nani?"

"Ni mimi."

"Agosti, themanini na nne," akasoma. "Oktoba, themanini na nne. Desemba, themanini na moja. Februari, sabini na nane. Jana, sabini na tano."

"Nimeacha chapati," nikasema.

"Umeacha kweli?"

Nikairekebisha sketi kiunoni.

"Na hicho kikohozi nilichokisikia ukipanda ngazi, ni cha tangu lini?"

"Hicho ni vumbi la maranda tunayowatandikia, daktari. Kila mtu pale anakohoa."

"Usiku unatoka jasho?"

Nikakumbuka shuka ninazobadilisha nikilaumu blanketi. Nikakumbuka Annah na pini zake mdomoni, akinizunguka na kunisifu. Niliogopa. Sitaficha, niliogopa kweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu ulimi ukanikataa.

Aliyesema ni Muthama. Alisimama, na sauti yake sikuijua.

"Bwana Kibe, mimi naishi Kayole. Mama Shiko anaishi Waithaka. Hatuendi kanisa moja, hatununui soko moja. Tunakutana mahali pamoja tu, na ni kwa tumbili wenu. Nifukuzeni mimi mkitaka, lakini huyu mama apelekwe hospitali leo. Si Jumatatu. Leo!"

Kibe aliangalia daftari, akamwangalia Daktari Peres, na daktari akaitikia kwa kichwa pole pole.

"Watu wawili, miezi ileile, chumba kimoja," akasema. "Tumbili nawapima kila miezi mitatu, Kibe. Hawa sijawapima hata siku moja. Hilo ni kosa letu, na langu liko mbele."

Kibe akanyoosha mkono kuchukua ile barua iliyokuwa mezani aitie mfukoni. Hapo ulimi wangu ukarudi.

"Hapana, hiyo ni ya Muthama. Andika juu yake kwamba imefutwa, utie sahihi na tarehe. Halafu uandike nyingine: kila anayeingia kwa wanyama apimwe, awe mtunzaji, mlinzi au daktari, na awe na faili lake. Tumbili nambari mia mbili na kumi na nne ana faili nene kuliko Biblia yangu. Mimi sina hata karatasi. Tuanze na mimi, niko tayari."

Akaandika. Mkono haukuwa na furaha, lakini uliandika.

Makohozi yangu yalikuwa na wadudu wa kifua kikuu, kama daktari alivyohofia. Nilikunywa dawa miezi minane, na hakuna siku niliyoruka, kwa sababu Muthama alikuwa akinisimamia kama mwalimu wa zamu, na mimi nikimsimamia yeye mpaka alipomaliza zake. Kituoni walipimwa watu kumi na tisa. Mlinzi mmoja alikutwa nao, akaanza dawa kabla hajakonda. Tukaletewa barakoa za kubana uso kisawasawa, na tukakatazwa kuosha vizimba kwa mpira wa maji bila kuzivaa. Annah nilimwambia ukweli. Alilia, kisha nilipoanza kunenepa akanipanulia sketi zote bila kuniuliza siri tena.

Mizani mpya ya wanyama ilifika Novemba, ya meza, inayong'aa. Ile ya kusimama ikahamishiwa kwenye chumba kidogo kando ya kantini, na Desemba, juma nilipomaliza dawa, Daktari Peres akaniita humo. Mezani palikuwa na faili jipya, jina langu limeandikwa juu kwa herufi kubwa.

Nikapanda. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Themanini na tatu," akasema, akaandika.

Nikabaki nimesimama juu ya mizani, kwa mazoea, nikingoja atoe.

"Shuka basi, Mama Shiko," akasema akicheka. "Hakuna cha kutoa. Zote ni zako."